Ukungu ukiondoka: gemu ya zamani inavyoundwa upya

Kila inapotoka trela ya gemu ya zamani iliyorudishwa na sura mpya, ubishi huwa ule ule. Huyu atasema wamepaka rangi tu ili watuuzie kitu tulichokwisha kununua. Yule atasema wameiharibu, si bora wangeiacha ilivyokuwa. Wa tatu haelewi kazi hiyo inachukuaje miaka na miaka wakati hadithi ipo, wahusika wapo, hata muziki upo. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, ila mara nyingi wanazungumzia kazi tofauti kwa jina moja. Na wote watatu huanzia kwenye picha, ilhali mtihani mkubwa wa kazi hii uko kwingine.

Gemu ninazozizungumzia hapa ni zile za mapambano na visa: unamwongoza mtu mmoja ndani ya hadithi, unapigana, unaruka, unatafuta funguo, unafumbua mafumbo, unasonga mbele. Tomb Raider, Resident Evil, Metal Gear Solid, Silent Hill, Grand Theft Auto (GTA). Hizi ndizo zinazowagombanisha watu kweli kweli, kwa kuwa ndani yake picha, mwendo na hadithi vimesukwa pamoja. Ukivuta uzi mmoja, mwingine unakuja nao.

Kazi nne, majina manne

Chukua wimbo wa zamani uliorekodiwa kwenye kanda. Ukiunakili kutoka kwenye kanda ile hadi kwenye simu bila kugusa kitu, umeuhamisha. Ukiondoa mikwaruzo na kuinua besi, huku sauti ikibaki ni ya mwimbaji yule yule siku ile ile, hiyo ni rimasta. Ukiita bendi studio na kuuimba upya kuanzia ubeti wa kwanza, hiyo ni rimeki. Na ukichukua jina na kiitikio chake tu, mengine yote ukayatunga mwenyewe, hiyo ni ributi.

Tomb Raider imepitia karibu yote hayo. Ya kwanza ilitoka mwaka 1996, kazi ya studio ya Core Design ya Derby, Uingereza. Mwaka 2007 Crystal Dynamics wakaiunda upya kwa jina la Tomb Raider: Anniversary: kisa kile kile, makaburi yale yale, lakini kila ukuta umejengwa upya. Hiyo ni rimeki. Mwaka 2013 wakatoa gemu iliyoitwa Tomb Raider tu, yenye Lara Croft, mhusika wake mkuu, akiwa kijana aliyevunjikiwa na meli kisiwani, hadithi isiyohusiana na ile ya mwanzo. Hiyo ni ributi. Kisha Februari 2024 Aspyr wakatoa zile tatu za kwanza zikiwa zimeng'arishwa, na kitufe kimoja cha kubadilisha picha mpya kuwa ya zamani papo hapo unapocheza. Hiyo ni rimasta, na kile kitufe kwa maoni yangu ni uungwana wa hali ya juu: anayebisha kwamba hawakufanya kitu anajionea mwenyewe.

The Last of Us nayo ni mfano safi. Ilitoka mwaka 2013 kwenye konsoli (mashine ya kuchezea gemu) ya PlayStation 3, ikang'arishwa mwaka 2014 kwa PlayStation 4, ikaundwa upya mwaka 2022 kwa PlayStation 5 na kuuzwa dola 70. Kelele za bei zilizofuata hazikuwa za wivu. Watu waliuliza kitu cha maana: gemu yenye umri wa miaka tisa, ambayo bado inachezeka vizuri, inahitaji kuundwa upya kwa lipi? Rimeki inajitetea yenyewe pale ambapo ya zamani imekuwa ngumu kuishika mkononi. Pale ambapo haijawa ngumu, mnunuzi ana haki ya kukunja uso.

Mipaka yenyewe huvuja, na wauzaji wanaipenda hivyo. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 iligeuzwa kuwa gemu tatu, ya kwanza mwaka 2020 na ya pili mwaka 2024. Ile ya 2020 imeandikwa "Remake" juu ya jalada, na bado hadithi yake inachepuka kwa makusudi. Kwa hiyo usiamini jalada.

Kwa nini zilikuwa vile

PlayStation ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 2. Picha moja unayopiga leo kwa simu inaweza kuzidi hapo. Ndani ya nafasi hiyo walitakiwa kuingiza mhusika, maadui, chumba, sauti na hesabu zote za mchezo. Picha ilikwenda kwenye televisheni ya kichogo, ambayo kwa asili yake ililainisha kingo na kuchanganya rangi. Ndiyo maana gemu ile ile ukiiwasha kwenye skrini bapa ya leo inaonekana imejaa vidoti na meno ya msumeno. Macho yako hayakudanganyi, na kumbukumbu yako haidanganyi pia. Televisheni ndiyo iliyobadilika.

Halafu kuna padi, kile kifaa chenye vitufe unachoshika mkononi. Padi iliyokuja na PlayStation haikuwa na vijiti viwili vya kuzungusha tunavyovichukulia kuwa vya kawaida sasa. Vilikuja mwaka 1997. Tomb Raider na Resident Evil zote ni za 1996. Zilitengenezwa kwa vitufe vinne vya pande: ukibonyeza juu, mhusika anakwenda mbele kwa kadiri uso wake ulivyoelekea, na ukibonyeza kushoto au kulia anageuka pale pale aliposimama. Kijana wa leo akishika gemu hiyo anadhani imeharibika.

Lakini tazama mfumo ule ulivyofanya kazi. Resident Evil ilionyesha kila chumba kupitia kamera zilizofungwa mahali pamoja, nyuma yake kukiwa na picha iliyochorwa tayari, maana konsoli isingeweza kuchora jumba zuri namna ile kwa wakati huo huo. Ukivuka nusu ya ukumbi, kamera inaruka upande wa pili. Kama mwelekeo ungefuata picha, kila mruko wa kamera ungekugeuzia mbele kuwa nyuma. Kwa kuwa mwelekeo ulifuata mwili wa mhusika, ungeweza kuendelea kubonyeza juu na akaendelea kukimbia. Na Tomb Raider ilijengwa kwa matofali ya ukubwa mmoja: mchezaji aliyeizoea alirudi hatua moja nyuma, akakimbia, akaruka, akijua kwa hakika atatua wapi. Rimasta ya 2024 inakupa uchague udhibiti wa kisasa. Lara anageuka upesi, anapendeza, na ule uhakika wa kuhesabu matofali unapungua, kwa sababu dunia yenyewe bado ni ya matofali.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Katika gemu za zamani, udhaifu wa mashine uligeuzwa kuwa nguzo. Anayeunda upya anaingia ndani ya nyumba asiyojua nguzo ni ipi na pambo ni lipi, na aghalabu vyote viwili vinaonekana vibovu.

Ukungu

Silent Hill ya mwaka 1999 ilikuwa na mji mzima wa kutembea, kwenye konsoli isiyoweza kuchora mtaa mzima kwa mara moja. Wakaujaza mji ukungu. Huoni zaidi ya hatua chache, basi konsoli haina haja ya kuchora zaidi ya hapo. Kilichotokea ni kwamba ukungu ule ukawa ndio gemu yenyewe: unasikia kitu kinaburuzwa mbele yako na hukioni. Silent Hill 2 ilipokuja mwaka 2001 kwenye PlayStation 2, konsoli yenye nguvu zaidi, ukungu ulibaki, sasa kwa kupenda.

Mwaka 2012 Konami, wenye gemu hiyo, walitoa rimasta ya Silent Hill 2 na 3 katika mkusanyiko mmoja. Studio iliyopewa kazi haikupata msimbo wa mwisho (maandishi ya programu) wa gemu hizo. Ilipewa matoleo ambayo hayajakamilika, na makosa yaliyokuwa yamesharekebishwa yakarudi. Ukungu wa Silent Hill 2 ukatoka haba, na kuna mahali unaona kabisa pale ambapo maji ya ziwa yanakatika na dunia inaishia. Picha ilikuwa safi zaidi, gemu ikawa mbovu zaidi. Oktoba 2024 ndipo Silent Hill 2 ilipoundwa upya kwa ukamilifu na Bloober Team wa Poland. Konsoli za sasa zingeweza kuonyesha mtaa mzima hadi mwisho bila jasho. Hawakufanya hivyo. Wametumia nguvu zote hizo kuchora ukungu.

Grand Theft Auto ilijifunza somo hilo kwa aibu. Novemba 2021 Rockstar, watengenezaji wake, walitoa gemu tatu za zamani kwa pamoja, ikiwemo San Andreas ya mwaka 2004. San Andreas ilikuwa na miji mitatu, jangwa na mlima, na watu tulioicheza tungeapa kwamba ilikuwa nchi nzima. Siri yake ilikuwa ukungu wa moshi wa mbali: ukiwa mji mmoja hukuuona mwingine. Katika toleo jipya waliufuta, kwa nia njema, ili uone mbali. Ukipanda juu sasa unaona kila kitu kwa mtazamo mmoja, na ile nchi inageuka kuwa kijiji. Hakuna barabara iliyofupishwa hata kwa hatua moja. Mvua nayo ilichorwa nzito kiasi cha kuziba njia. Rockstar wakaomba radhi hadharani ndani ya siku chache, na Novemba 2024 likaja sasisho lililorudisha hiari ya mwanga na anga za zamani.

Toleo hilo hilo linajibu dhana nyingine inayozidi kuenea, kwamba siku hizi akili mnemba inaweza kumaliza kazi yote usiku mmoja. Picha nyingi za mabango na kuta zilikuzwa kwa mashine, na mashine haisomi. Mabango yakatoka na maneno yaliyokosewa herufi. Kuna duka la donati lenye alama kubwa juu ya paa: nati ya bolti, ya pembe sita, utani wa wachoraji kuhusu neno "nut" (nati) lililomo kwenye jina la duka. Wakati wa kulainisha maumbo, pembe sita zilifutwa na nati ikawa duara laini. Aliyekuwa akijua utani ule angeiacha. Mfumo uliona pembe kali, ukadhani ni umaskini wa picha.

Mlango na bunduki

Capcom, watengenezaji wa Resident Evil, wameifanya kazi hii vizuri mara nyingi kuliko wengine, na inafaa kuangalia wanavyofikiri.

Katika Resident Evil 2 ya 1998, kila ukifungua mlango skrini inakuwa nyeusi na unaona mlango peke yake ukifunguka polepole. Wakati huo konsoli ilikuwa inapakia chumba kinachofuata. Wachezaji walijua kitu kimoja zaidi: ukishapita mlango, zombi wa chumba ulichotoka amebaki huko. Mlango ulikuwa usalama. Katika rimeki ya Januari 2019 hakuna haja ya kupakia, kwa hiyo mlango unafunguka hapo hapo, na zombi anaweza kuupita akufuate. Kufuta sekunde chache za kusubiri kumeondoa hifadhi nzima. Basi wabunifu wakalazimika kupanga upya hofu yote: wakakupa mbao za kuzibia madirisha, wakaongeza ustahimilivu wa mazombi, na adui mmoja, jitu mwenye koti, ambaye zamani alitokea mahali palipopangwa tu, wakamfanya azunguke kituo cha polisi akikutafuta huku ukisikia hatua zake ghorofani. Hisia unayobaki nayo ni ile ya 1998, ya kutojua kuna nini nyuma ya mlango, lakini imefikiwa kwa njia karibu kinyume. Gemu hiyo imeuza zaidi ya nakala milioni 10. Ile ya kwanza iliuza karibu milioni 5 kwenye PlayStation.

Resident Evil 4 ya mwaka 2005 ilikuwa na mtego mgumu zaidi. Leon, mhusika unayemwongoza, alikuwa hawezi kutembea huku amelenga bunduki. Akiinua silaha, miguu inaganda. Kwa vipimo vya leo hiyo ni kasoro isiyo na mjadala. Ila maadui walipimwa kwa kasoro hiyo: wanakukimbilia, wakikaribia wanapunguza mwendo, ili upate muda wa kuamua usimame upige au ugeuke ukimbie. Mpe Leon ruhusa ya kutembea akilenga na maadui wale wale wanakuwa mchezo wa kitoto, kwa sababu utarudi nyuma ukipiga mpaka waishe.

Rimeki ya Machi 2023 ilimpa ruhusa hiyo. Papo hapo maadui wakawa wepesi na wakali, wakakuzunguka na kukushika kutoka nyuma. Kwa kuwa sasa wanakushika zaidi, Leon akapewa kisu cha kukingia mapigo, hata la msumeno wa mnyororo. Na kwa kuwa kisu hicho kingemfanya asiogope kitu, kikafanywa kichakae, akitengeneze kwa mchuuzi kwa pesa. Kisu cha 2005 hakikuwahi kuisha. Angalia mnyororo huo: kitufe kimoja kimelegezwa, na kufikia mwisho wake umegusa hadi uchumi wa gemu. Hii ndiyo sababu kubwa ya ile miaka mingi inayowashangaza watu. Kuchora upya uso wa Leon ni kazi kubwa, lakini unajua lini imekwisha. Kupima upya kila adui dhidi ya miguu inayotembea hujui lini imekwisha mpaka watu waicheze tena na tena.

Wanaosema "zamani gemu zilikuwa ngumu, sasa zimelainishwa" wapo sahihi nusu. Ugumu wa kupambana na padi umepungua. Ugumu wa kupambana na adui mara nyingi umeongezeka ili kufidia.

"Si kila kitu kipo tayari?"

Mara nyingi hakipo. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, gemu ikishauzwa ilikuwa imeisha. Wachache walifikiri mtu angeihitaji miaka 20 baadaye. Square Enix walipotaka kung'arisha Kingdom Hearts ya mwaka 2002 kwa toleo la 2013, walikuta data asilia zimepotea, wakalazimika kuchimba ndani ya gemu yenyewe iliyokuwa ikiuzwa na kutengeneza upya mengi. Hata msimbo ukiwepo una vishindo vyake. Gemu nyingi zilifunga hesabu zao kwenye idadi ya fremu, yaani picha zinazopita kwenye skrini kila sekunde: ukipandisha kutoka fremu 30 kwa sekunde hadi 60, kuna mambo yanatokea mara mbili. Dark Souls II ilipokuja kwenye kompyuta mwaka 2014, silaha zilichakaa kwa kasi maradufu kwa sababu hiyo tu.

Na wakati mwingine mradi unakwama wazi wazi. Septemba 2020 Ubisoft walitangaza rimeki ya Prince of Persia: The Sands of Time, gemu ya 2003, itoke Januari 2021. Trela ilipokewa vibaya, tarehe ikaahirishwa, na mwaka 2022 kazi ikahamishwa kutoka studio za Pune na Mumbai kwenda Montreal, kule kule ilikozaliwa ile ya kwanza. Mwaka 2025 uliisha bila mchezaji yeyote kuinunua. Na hii ni gemu ambayo hadithi yake, ramani zake na hata ile hila maarufu ya kurudisha muda nyuma vilikuwa vimeshabuniwa.

Konami walichagua njia ya tahadhari kwa Metal Gear Solid 3 ya mwaka 2004. Rimeki ya Agosti 2025, Metal Gear Solid Delta, imetumia sauti zile zile za waigizaji zilizorekodiwa zamani, imefuata matukio karibu hatua kwa hatua, na inakuuliza mwanzoni: unataka kamera ya kisasa begani au ile ya zamani inayotazama kutoka juu? Bluepoint nao walipounda upya Shadow of the Colossus mwaka 2018 walichora kila jani na kila unyoya, wakaweka mpangilio mpya wa vitufe, na wa zamani wakauacha kwenye menyu. Ni salama, na mtu anaweza kusema ni woga. Mimi naona inategemea. Mwendo mzito wa kijana wa Shadow of the Colossus, anayejikwaa na kuning'inia kwenye manyoya ya majitu, ungesawazishwa usingebaki na gemu.

Na ile ya zamani inakwenda wapi?

Hofu hii ndiyo yenye msingi kuliko zote. Rimeki haigusi diski iliyo kabatini kwako, lakini maduka ya mtandaoni ni habari nyingine. Kabla ya lile toleo la 2021 kutoka, Rockstar waliziondoa sokoni zile GTA tatu asilia. Baada ya kelele, wakazirudisha kwa wateja wa kompyuta. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena kwa njia ya kawaida ya kununua. Kwa nyingi kati ya hizo hakuna atakayetengeneza rimeki kamwe, kwa sababu hazina jina la kuuza.

Kwa anayetaka kununua rimeki, trela haimsaidii kitu. Atafute video ya mtu akicheza dakika kumi mfululizo, bila muziki wa kupambia, aangalie kamera iko wapi, mhusika anatembeaje, na adui anafanya nini akikaribia. Aangalie pia kama gemu asilia bado inauzwa popote. Resident Evil tatu za kwanza, kwa mfano, zilirudi sokoni mwaka 2024 kwenye duka la GOG kwa kompyuta, zikiwa na kamera zake za kufungwa na milango yake ya polepole, na zinauzwa sambamba na rimeki zake.